Nani Kasema Kitisho ni Damu?

Kama unasoma ukurasa huu baada ya masomo ya jioni na taa za bweni ziko karibu kuzimwa, basi jikaze kisabuni, maana leo nimeamua kuzungumzia mambo ya gizani. Nakusudia zile tamthilia za runinga za mafumbo na za kuogofya ambazo sote tunazitazama likizoni, kisha tunazisimulia shuleni muhula mzima.

Nawasikia mkipendekezeana. Mmoja atasema, "Wewe, hiyo itazame, watu tisa wanakufa kipindi cha kwanza tu!" Mwenzake atamkata kalima, "Hiyo si kitu bwana, mimi nina moja ambayo mtu anang'olewa macho." Wa tatu naye hataki kushindwa. Ukisimama kando ukasikiliza, utadhani ni wachinjaji waliokutana kichinjioni kulinganisha ndoo. Mimi nasema tunatumia kipimo kibovu. Kitisho si damu. Tamthilia inayostahili kupendekezwa ni ile inayokuachia swali, ukalala nalo na ukaamka nalo. Tena anayependekeza ana dhamana juu ya anayetazama. Haya sikuyasoma mahali. Yalinipata.

Likizo moja nilirudi nyumbani na flashi iliyojaa tamthilia niliyosifiwa sana na wenzangu. Jina lake silitaji, haina haja ya kutangazwa. Ndugu yangu mdogo, mwenye umri wa miaka minane, akaja kuketi kando yangu. Badala ya kumwambia aende zake, nilimwambia, "Kaa basi, tuone kama wewe ni mwanamume." Lo! Usiku huo hakulala. Usiku wa pili alilala amevaa viatu, ati ili akikimbizwa asichelewe. Usiku wa tatu alilowesha kitanda, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu chekechea, na asubuhi akawa anajificha nyuma ya nyumba kwa aibu.

Mama aliponiuliza, nilitazama sakafu. Hakunichapa. Aliuchomoa waya wa runinga, akautia mkobani, akaenda nao kazini. Akawa anafanya hivyo kila siku. Baada ya siku kumi nilimwendea nikamwomba msamaha, nikamsihi anichagulie adhabu nyingine hata kama ni ya kulima. Akaniambia, "Nionyeshe moja tu iliyo na faida. Tutaitazama wewe na mimi, mtoto akiwa amelala. Nisipoiona faida, waya huu nitampa fundi."

Nilikuwa na mtihani, na mtihani wenyewe haukuwa na marudio. Nikachagua The Twilight Zone. Najua baadhi yenu mtacheka, maana ni tamthilia ya Marekani iliyoanza tarehe 2 Oktoba 1959 na kumalizika mwaka 1964, na picha zake hazina rangi. Jumla ni vipindi 156, na kila kimoja kina hadithi yake na watu wake, kwa hiyo waweza kuanzia popote. Kile tulichokitazama na Mama ni cha mwaka 1960, "The Monsters Are Due on Maple Street".

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Jumamosi jioni, mtaa mmoja mtulivu. Watu wanaosha magari, watoto wananunua aiskrimu. Kitu kinapita angani kwa mwanga na kishindo. Mara stima zinakatika, simu hazifanyi kazi, magari hayawaki. Mtoto mmoja anasema amesoma hadithi ya viumbe wa sayari nyingine ambao hutanguliza jamaa wanaofanana na binadamu, wakakaa nao kama majirani. Wakubwa wanacheka. Kisha gari la mtu mmoja linawaka lenyewe, na kicheko kinakoma. Mbona la kwake tu? Tena mbona yeye huamka usiku wa manane na kusimama nje akitazama nyota? Giza linaingia na kila mtu anamtazama jirani yake. Mwisho sikuambii. Ndani ya kipindi kizima hutaona zimwi likimtafuna mtu, lakini mimi mikono ilinitoka jasho.

Kilipokwisha Mama alinyamaza kwa muda. Nikajua fundi amepata waya. Kumbe alikuwa mbali. Akaniambia kwamba Januari 2008 alikuwa akiishi Nakuru, na kwamba mtaa ule wa kwenye runinga yeye aliwahi kuuona. Ninyi mnajua kwa kusoma, kama mimi, kwamba baada ya matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007 kutangazwa, zaidi ya Wakenya 1,100 waliuawa. Mama hakunipa hesabu. Alinieleza kwamba watu walianza kuulizana fulani anatoka wapi, fulani anazungumza lugha gani akiwa ndani kwake. Jirani aliyekuwa akiazimana naye kiberiti alikoma kuitikia salamu. Siku ya tatu Mama alifunga mlango, akaondoka na begi moja. Habari hiyo hakuwa amewahi kutusimulia, na mimi ni mwanawe. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, nami nilikuwa nikiiandika methali hiyo katika insha bila kuifikiria.

Asubuhi waya ulikuwa umerudi mahali pake.

Baadaye nilitafuta habari za aliyeitunga tamthilia hiyo, nikaelewa kwamba haikuwa bahati. Jina lake ni Rod Serling. Alikuwa mwanajeshi wa miavuli katika Vita vya Pili vya Dunia, akapigana Ufilipino. Mwaka 1955 kijana Mweusi wa miaka 14, Emmett Till, aliuawa kule Mississippi, na Serling akataka kuandika mchezo wa runinga uliotokana na kisa hicho. Wafadhili wa matangazo waliogopa wateja, wakaukatakata hata haukutambulika. Basi Serling akapata njia nyingine. Alipoweka maneno yaleyale ya ubaguzi na vita katika vinywa vya viumbe wa angani, hakuna aliyemkataza. Kwa mkono wake mwenyewe aliandika vipindi 92 kati ya vile 156. Si ujanja huo? Hata sungura wa hadithi zetu na fisi wake wasingemshinda.

Sasa wale ambao hawawezi kabisa vitisho, msikate tamaa. Kuna Columbo, aliyeigizwa na Peter Falk. Falk alimwigiza mara ya kwanza mwaka 1968, na tamthilia ikaanza rasmi mwaka 1971. Maajabu yake ni kwamba muuaji unamwona mwanzoni kabisa, akiua kwa macho yako. Utauliza, sasa fumbo liko wapi? Fumbo ni namna atakavyonaswa. Columbo huja na koti lake la mvua lililokunjamana na gari kuukuu aina ya Peugeot 403. Anaonekana zuzu, anaaga, anafika mlangoni, halafu anageuka na swali moja dogo tu. Muuaji huwa tajiri au msomi anayemdharau. Nawapendekezea hasa wale wenzetu wanaodhani kwamba mtu asiyepiga pasi shati hana akili.

Ya tatu ni The X-Files, iliyoanza tarehe 10 Septemba 1993. Wapelelezi ni wawili. Mulder anaamini karibu kila jambo la ajabu, kwa sababu dada yake alitoweka wakiwa watoto. Scully ni daktari, naye kila jambo hulidai ushahidi. Hawa wawili hubishana kwa heshima, na aghalabu kipindi humalizika bila wewe kujua nani kamshinda mwenzake. Lakini tahadhari! Vipindi vyake havilingani. Kile cha mwaka 1996 kiitwacho "Home" kilitanguliwa na onyo kwa watazamaji, na onyo lenyewe si la bure. Kirukeni, hamtapoteza kitu.

Mimi natamani kila bweni lingekuwa na Scully wake. Mnakumbuka ule usiku tulipoamshwa na mayowe kwamba jini lenye kwato linatembea kwenye veranda? Watu waliomba kwa lugha zote. Wengine walitaka kuruka dirishani, na mmoja nusura avunjike mguu. Kulipokucha ikaonekana ni mbuzi aliyekata kamba huko jikoni, naye alikuwa ametafuna soksi za kiranja zilizoanikwa. Tulicheka, lakini lile dirisha halikuwa la kuchekwa. Mtu mmoja tu angewasha tochi na kutazama, sote tungelala.

Wakubwa wetu, walio katika madarasa ya juu, wanaweza kujaribu Dark ya Ujerumani. Ilitoka kati ya mwaka 2017 na 2020, vipindi 26 kwa jumla. Katika mji mdogo wa Winden mtoto anatoweka karibu na pango, na mambo yanajirudia kila baada ya miaka 33. Tafadhali itazame ukiwa na daftari na kalamu, kwa kuwa mtu utakayemwona ni mzee leo utamkuta kijana baadaye, na ukoo wao utakuchanganya kuliko jiometri. Stranger Things sina haja ya kuieleza, nusu ya shule imeikariri. Neno langu ni moja: msimu wa kwanza, wa mwaka 2016, ambapo tunamtafuta Will na zimwi hatulioni vizuri, unanitia baridi kuliko misimu iliyofuata yenye mazimwi makubwa.

Najua wako watakaonipinga. Watasema tamthilia hizi zinaleta mapepo, na kwamba kijana anapaswa kusoma vitabu vyake. Woga huu si wa jana. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza habari za ibada za shetani hapa nchini, kwa hiyo wazazi wetu wamekua wakiyasikia hayo. Mimi siwakejeli. Ndugu yangu alilala na viatu, na aliyemfanyia hivyo ni mimi. Lakini dawa si kufunga macho, dawa ni kuchagua. Hebu tukubaliane mambo matatu. Kwanza, kabla ya kumpendekezea mtu, mwambie wazi ndani kuna nini, na umuulize nani atakuwa sebuleni. Pili, usitoboe siri ya mwisho, maana aliyeambiwa muuaji ameibiwa. Tatu, tazameni kipindi kimoja, mzime, mjadili. Mtu anayekesha na vipindi vinane huamka na macho mekundu, na hawezi kukueleza hata kimoja.

Nina dukuduku moja la mwisho, na hili nawaelekezea wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili. Karibu zote nilizozitaja ni za ng'ambo. Sisemi hatuna kabisa. Mwaka 2021 tulipata Crime and Justice, wapelelezi wa Nairobi wakiwa ni Sarah Hassan na Alfred Munyua. Ni ya wakubwa, kwani kesi zake ni nzito, ila ukiitazama unaona barabara unazozijua. Lakini mbona tunakwenda Winden kutafuta pango la siri ilhali Kiswahili kina Bwana Msa? Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alichapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na Kisima cha Giningi mwaka 1968. Katika kile cha kwanza maiti inakutwa penye mzimu. Watu wanatetemeka, naye Bwana Msa anavuta kiko chake na kuuliza maswali. Kitisho kipo, fumbo lipo, na lugha ni tamu kama halua. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Basi nawaomba mwalimu mlezi na wenzangu: katika siku ya tamasha letu, tuache kidogo vichekesho vya mlevi na mkewe ambavyo huigizwa kila mwaka. Tuigize kisa kimoja cha kupeleleza, cha dakika ishirini, kwa Kiswahili. Hakihitaji rangi nyekundu. Kinahitaji ukumbi uliozimwa taa, mlango unaogongwa, na watu watano ambao mmoja wao ni mwongo. Mimi nimekwisha anza kuandika mswada wake, na yule mbuzi wa jikoni nimempa nafasi.

Nakomea hapo kwa leo. Aliye na maoni tofauti anijibu katika toleo lijalo, sitakasirika. Kuhusu ndugu yangu, msihofu. Siku hizi tunatazama Columbo pamoja, Mama akiwa katikati yetu, na usiku ukifika yeye huvua viatu, akaviweka chini ya kitanda, akalala.