Aache unga kwanza, halafu alale wapi?

Ukitoka swala ya Alfajiri mjini Mombasa, unawapita. Wamelala kwenye baraza za maduka ya Marikiti, wengine Mwembe Tayari kule mabasi yanakopakia, wengine kando ya uwanja wa Makadara, katoni chini, viatu vimefanywa mto ili visiibwe. Unawapita na jina la kuwaita unalo tayari: chokoraa, teja, mwendawazimu. Majina yao ya kweli huyajui, na wala hujawahi kuuliza.

Leo tuongee kuhusu hawa watu wazima. Sio watoto. Mtoto wa mtaani angalau ana sheria yake ya 2022, ana wafadhili, na picha yake ikiwekwa kwenye bango watu wanatoa pesa. Siku anayotimiza miaka 18, mtu yule yule, katoni ile ile, anageuka kutoka mtoto wa kuhurumiwa akawa jitu la kushukiwa. Serikali ilipohesabu watu wa mtaani mwaka 2018 ilipata 46,639 nchi nzima. Mombasa peke yake ilikuwa na 7,529, nambari mbili baada ya Nairobi. Ndani ya hesabu hiyo kuna baba wa watu, kuna mjomba wa mtu, kuna mama aliyeachwa akaambiwa arudi kwao, na kwao hakuna mtu.

Sasa, kuna kauli moja nataka tuizike. Utaisikia kwa wazee wa mtaa, utaisikia kwa maafisa, utaisikia kwa vijana wenzako wanaojiona wana huruma sana: "Huyo asaidiwe, sawa, lakini aache unga kwanza." Aache unga kwanza, ndio tumtafutie chumba. Aoge kwanza, ndio tumsikilize. Atubu kwanza. Akili zimrudie kwanza. Kila mtu ana "kwanza" yake, na zote zinamwacha pale pale barazani.

Hebu mwulize kaunsela. Namaanisha wale washauri nasaha wanaozunguka maskani na vichochoro wakifuata watu wazima wasio na makao. (Neno lenyewe lishangae: maskani maana yake ni makao, lakini sisi tumelifanya jina la mahali pa kuvutia unga.) Hawa makaunsela hatuwataji popote. Ofisi yao ni ngazi ya duka lililofungwa, au kivuli cha mwarobaini. Wiki za mwanzo hawagusi habari ya dawa kabisa. Ni chai, ni salamu, ni "Ami, jana ulilala salama?" Na kusubiri. Mtu aliyepigwa, aliyeibiwa, aliyedanganywa na kila aliyekuja na karatasi na kalamu, hafungui kifua kwa sababu wewe una cheti.

Na miadi inawekwaje na mtu asiye na simu wala saa? Wanatumia adhana. "Tuonane baada ya Asri, hapa hapa." Akikosa, kaunsela harudi kuandika kwamba jamaa hana nia. Anajua kwamba mtu wa mtaani usiku halali, analinda mwili wake. Usingizi anaulipa asubuhi, jua likishatoka na watu wakawa wengi. Wewe unamwona amelala saa nne ya asubuhi unasema mvivu. Yeye ndio kwanza amemaliza zamu.

Nikupe mfano wa dawa, kwa sababu hapa ndipo "kwanza" zenu zinapovunjika vipande. Kuna mtu anasikia sauti kichwani. Kaunsela amehangaika naye miezi hadi akakubali kupelekwa hospitali, akaandikiwa dawa. Dawa nyingi za ugonjwa huo zinaleta usingizi mzito. Nyumbani, hiyo ni nafuu. Barazani, usingizi mzito maana yake ni kuamka huna shati, na kwa mwanamke ni mambo mabaya zaidi ambayo sitayaandika hapa. Basi anaacha dawa ili abaki macho. Kwenye faili inaandikwa: amekataa matibabu. Kweli amekataa? Au amechagua kati ya sauti za kichwani na mikono ya gizani? Mpe mlango unaofungwa kwa ndani kwanza, ndipo umhukumu kwa vidonge.

Ama methadoni. Serikali ilianza kuitoa Mathari mwisho wa 2014, ikafuata Malindi, kisha Mombasa. Ni dawa inayozuia arosto, na imewarudishia watu wengi wa Pwani maisha yao. Unawajua, wengine wamerudi baharini kuvua, wengine wako sokoni. Lakini inanywewa kila siku, mbele ya muuguzi, kliniki. Ukikosa siku kadhaa mfululizo, hairuhusiwi kurudi kwenye dozi uliyofikia. Unashushwa, unapanda tena taratibu. Sasa fikiria mtu amefika hapo. Kaunsela amemwandaa, amemsindikiza, amekaa naye siku anayotetemeka. Ijumaa jioni lori la kanjo linapita kusafisha mji kwa sababu kuna mgeni mkubwa anakuja. Jamaa anabebwa. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu yuko ndani. Akitoka, mwili unalia na kete iko kona ile ile. Miezi ya kazi imechomwa wikendi moja. Halafu watu wale wale wataandika, "Hawa hata ukiwasaidia hawabadiliki."

Kubebwa huku kunatia hasira zaidi ukijua historia yake. Sheria ya Uzururaji, ile iliyofanya kukosa makao kuwa kosa, ilifutwa Kenya mwaka 1997. Ilifutwa kwenye vitabu, ikabaki kwenye lori. Siku hizi wanatumia sheria ndogo za kaunti na maneno kama "kusababisha usumbufu". Na tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ipo hapa Arusha wala si mbali, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika: zinawabagua masikini, zinawavua utu. Maoni hayo hayakufika kwa dereva wa lori. Februari 2019 watu wa mtaani wa Nakuru, wengi wao watoto, walibebwa usiku wakaenda kutupwa msituni Baringo. Hawakupelekwa kituo chochote, wala nyumbani kwa yeyote. Walitupwa msituni.

Wengine watasema: basi warudishwe makwao. Nauli ya basi, mkono wa heri, kazi imekwisha, ripoti imeandikwa "ameunganishwa na familia". Wallahi hii ndiyo dawa rahisi kuliko zote, na ndiyo inayofeli haraka zaidi. Kaunsela yeyote atakwambia swali la kwanza sio kwao ni wapi. Swali ni, alitokaje? Wapo waliotoka kwa sababu ndugu waligawana nyumba ya marehemu baba wakamruka. Huyo hahitaji nauli, anahitaji mtu wa kumpeleka kwa Kadhi. Wapo waliokimbia kipigo. Wapo wenyewe walioiba vya nyumbani wakati wa unga, na sasa aibu ndiyo imewafungia mlango, hapo sulhu inawezekana, lakini sulhu ya kweli inataka mtu wa kwenda na kurudi mara kumi kati ya pande mbili. Mara kumi, sio ziara moja yenye kamera.

Na kamera ndiyo nakuja kwako, mpendwa msomaji. Ramadhani tunawalisha. Maa shaa Allah, futari tunapanga mistari, tende, sambusa, na picha juu. Sisemi uache. Mwenye njaa alishwe. Lakini yule mzee uliyepiga naye selfi ana binti Likoni ambaye hajui baba yuko wapi, au anajua na anaficha kwa wakwe. Umemweka mtandaoni amekaa chini na sahani ya plastiki. Kaunsela aliyekuwa anamshawishi ampigie bintiye simu sasa anaanza upya. Siri ndiyo mali pekee iliyobaki kwa mtu aliyepoteza kila kitu, na wewe umeitoa bure kwa ajili ya kupendwa na watu mia mbili.

Kitambulisho nacho. Vijana wa Pwani na wa Kaskazini mnaijua hii ngoma, mmeulizwa babu wa babu yenu alizikwa wapi. Sasa fikiria huna hata babu wa kumtaja, umelala nje miaka sita na kadi iliibwa mwaka wa kwanza. Bila kadi hujisajili SHA. Bila SHA hospitali ni maneno marefu. Kupata kadi mpya lazima kwanza uende kituo cha polisi uandikishe kwamba ile ya zamani imepotea. Yaani, mtu ambaye kila akimwona polisi anakimbia, tunamwambia aingie mwenyewe mlangoni kwa miguu yake. Unajua nani huenda naye? Kaunsela. Anakaa naye kwenye benchi mpaka karatasi itoke. Hiyo haimo popote kwenye maelezo ya kazi yake, na wengi wao maelezo ya kazi hawana, kwa sababu ni "wa kujitolea", wanapewa nauli na shukrani. Sheria ya Makaunsela na Wanasaikolojia ipo tangu 2014, inawataka wasome, wasajiliwe, wafuate maadili. Sawa kabisa. Lakini mshahara unataka nani aulete? Mtu anasikiliza habari za vifo na ubakaji kutwa nzima, jioni anahesabu kama ana pesa ya matatu, halafu tunashangaa baada ya mwaka ameacha na kuuza nguo. Na akiondoka, anaondoka na kila uaminifu alioujenga na watu thelathini kule vichochoroni. Mpya akija, anaanzia kwenye chai.

Hata hofu ya kisheria walibebeshwa. Mpaka juzi juzi, mtu akimwambia kaunsela "nilijaribu kujiua", alikuwa anakiri kosa la jinai, kifungo hadi miaka miwili. Januari 2025 ndipo Mahakama Kuu ikasema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Alhamdulillah. Lakini mtaani habari hiyo haijafika, watu bado wanaficha makovu. Isambaze, hiyo ndiyo kazi ya simu yako.

Kuna nchi ziliigeuza "kwanza" juu chini. New York mwaka 1992 walianza kuwapa watu wa mtaani wenye ugonjwa wa akili chumba kwanza, bila sharti la kuacha pombe wala dawa, na kaunsela akawafuata ndani ya chumba. Finland ikaifanya sera ya taifa 2008, na idadi ya wasio na makao ikashuka. Utasema Finland ni tajiri. Kweli. Lakini lori la kanjo linatumia mafuta ya nani? Seli, mahakama, chakula cha Shimo la Tewa, wodi ya dharura, vyote tunavilipia tayari, na tunachonunua ni mtu yule yule kurudi kwenye baraza ile ile. Mimi sidai maghorofa. Nadai vyumba vya nyumba za Kiswahili, vya kawaida, Kisauni, Likoni, Majengo, vilivyokodiwa kwa jina la kaunti, viwili hapa vitatu pale, na kaunsela mwenye mshahara anayevizungukia. Na mji huu una mali ya wakfu. Walioiacha walikusudia sadaka isiyokatika. Kwenye msikiti wako, nani aliwahi kuuliza kama chumba kimoja kinaweza kumlaza mtu anayetoka kuswali halafu anarudi kwenye katoni?

Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya makao yanayofaa na ya afya. Kila mtu. Hakikuandika "kila mtu aliyeacha".

Kwa hivyo hili ndilo la kufanya. Kufikia tarehe 28 Februari serikali ya kaunti hupeleka bungeni mpango wake wa matumizi, na kufikia 30 Aprili makadirio ya bajeti yenyewe. Kabla ya hapo kuna vikao vya wananchi, na tunajua wanaohudhuria ni kina nani: wazee watano na waliokuja kwa soda. Mwaka huu nendeni ninyi. Nendeni kumi kumi. Msihutubie, ulizeni maswali matatu na mdai majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu. Kaunti imeajiri makaunsela wangapi wa watu wazima wa mtaani, kwa mshahara upi? Imetenga vyumba vingapi? Na msako wa mwisho uligharimu pesa ngapi, waliobebwa walipelekwa wapi, na kati yao ni wangapi walikuwa kwenye methadoni? Mkijibiwa "tutalifuatilia", kaeni hapo hapo, ulizeni litafuatiliwa na nani, na ni lini.