Biharusi, Uchovu Wako Hautibiwi na Kopo



Kila msimu wa harusi naulizwa swali lilelile: "Dada, nimechoka, silali, nimeambiwa tezi zangu za juu ya figo zimechoka. Maziwa na ngano havinikubali. Ninunue kopo lipi?"

Jibu langu: usinunue hata moja.

Ugonjwa wa "tezi kuchoka" madaktari wa homoni hawautambui. Jina hilo lilianza Marekani mwaka 1998, kwa tabibu wa tiba mbadala. Mwaka 2018 watafiti wa hukohuko walipima vidonge vya aina 12 vya kusaidia tezi hizo. Vyote 12 vilikutwa na homoni ya tezi ya shingo, na 7 vilikuwa na steroidi, zimefichwa.

Mtasema, "Mbona fulani alimeza akapata nguvu?" Naam, na huenda nguvu hizo ni za homoni asizozijua. Steroidi ukizizoea kisha ukaziacha ghafla, ndipo tezi zako hushindwa kweli.

Na wewe usiyepatana na maziwa, unajua kuwa vidonge vingi hujazwa laktosi? Vingine hutiwa wanga wa ngano. Ganda la kapsuli laweza kuwa gelatini ya nguruwe. Vingine ni tezi za ng'ombe zilizokaushwa. Nani alimchinja, na kwa jina la nani? Neno "asilia" kwenye kopo halijibu hayo.

Tezi hizo huugua kweli, lakini ugonjwa wenyewe una dalili zake: kukonda, kizunguzungu ukisimama, hamu ya chumvi, fizi na mikunjo ya ngozi kuwa myeusi. Hupimwa kwa damu ya asubuhi, na dawa yake huandikwa na daktari.

Pesa ya kopo ipeleke maabara. Pima wingi wa damu, sukari na tezi ya shingo. Kama ngano inakudhuru, mwambie daktari kabla hujaiacha, maana kipimo chake huhitaji uwe bado unaila. Utumbo unaoharibiwa na ngano haufyonzi madini ya chuma vizuri, na damu ikipungua, utachoka tu.

Mwili ni amana, biharusi. Usiukabidhi kwa muuza makopo wiki tatu kabla ya nikaha. Kama umechoka kwa pirika za harusi, waachie shangazi zako kazi, ukalale.