Punda kwanza, pesa baadaye

Picha ni nzuri. Punda amesimama, masikio juu, mgongoni hana kidonda. Chini kuna namba ya simu na maneno tunayoyajua sote: "Bei ya kuelewana. Yuko Kinango. Tuma dipoziti nikuwekee boss, kuna mtu mwingine yuko njiani."

Ndugu mteja wa Diani au Msambweni, usitume. Ndiyo, sisi ni kampuni ya pesa za simu, na ada yetu inatoka kwenye kutuma kwako. Lakini kwa maoni yetu, dipoziti ya mnyama ambaye hujamwona ni mbuzi kwenye gunia.

Kutuma ni sekunde chache. Kurudishiwa si hivyo. Aliyepokea akishatoa pesa kwa wakala, hakuna salio la kuzuia. Na lile jina linalotokea kwenye simu linakuonyesha namba imesajiliwa kwa nani tu. Halikuambii kama ana punda.

Wauzaji nao wana lao: wamechoka na wanunuzi wa maneno matupu. Ni kweli, basi wape siku na saa ya kuja, na ufike. Nauli ya matatu kutoka Ukunda kupitia Kwale mjini ni afadhali kuliko dipoziti iliyopotea.

Ukifika, mfungue mdomo. Punda wa miaka mitano hivi huwa ameshaota meno yote ya mbele ya kudumu, kwa hiyo ukiambiwa ana miaka mitatu na meno yameisha, hapo kuna uongo. Tazama kwato, papasa mgongo, kisha mwambie muuzaji amtembeze na mzigo.

Halafu uliza swali gumu: huyu punda ametoka wapi? Biashara ya ngozi ilileta wizi mkubwa wa punda Kenya, hadi serikali ikatangaza kupiga marufuku uchinjaji wao mwaka 2020. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia biashara hiyo barani kote. Kwa familia ya Kinango au Taru inayochota maji mbali, punda ndiye bomba lao. Ukinunua wa wizi kwa bei ya kutupa, mwenyewe akitokea unapoteza punda na pesa pia.

Kwa hivyo mwite mzee wa kijiji awe shahidi. Andikeni karatasi: majina, namba za vitambulisho, rangi ya punda na alama zake. Kabla ya kumsafirisha, pata kibali kutoka ofisi ya mifugo.

Sasa lipa, na lipa kwa simu. Hakuna haja ya kuzunguka sokoni na bunda la noti. Ingiza namba, soma jina, lilinganishe na kitambulisho cha muuzaji, kisha tuma. Ujumbe unaobaki una tarehe, saa, kiasi na kodi ya muamala. Nakili kodi hiyo kwenye karatasi yenu. Kesho mtu akidai hukumlipa, una la kuonyesha. Noti hazikupi hilo.

Nawe muuzaji, usimwachilie punda kwa sababu umeonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mwenzako. Ujumbe wa kughushi upo. Angalia salio lako mwenyewe.

Kama umeshatuma na namba haipatikani tena, usingoje hadi kesho. Pigia huduma kwa wateja saa hiyo hiyo, kisha nenda kituo cha polisi upate namba ya OB. Na anayekupigia akikuomba PIN ili "akurudishie pesa" hatoki kwetu. Huyo ni tapeli wa pili.

Muuzaji wa kweli hatakasirika ukisema unakuja kuona kwanza. Akikasirika, umeshapata jibu lako, na pesa bado iko kwenye simu yako.