Wasia kwa Vijana Wachezao Raketi

Katika michezo aliyojizoeza binadamu, ni michache imfichuayo mtu kama ile ya raketi, iwe tenisi, skwoshi au mpira wa vinyoya. Kwani anayecheza peke yake hana mwenzi wa kumtwika lawama, na kila kosa humrejea yeye aliyeushika mpini. Basi yatupasa kuuliza, wasomaji watukufu, ni jambo gani limfanyalo mtu aliyefedheheka leo mbele ya halaiki arudi uwanjani kesho alfajiri, akaupige tena mpira ule ule uliomwaibisha?

Wengi hujibu kwa haraka kuwa ni tuzo, mali na sifa. Jibu hilo halikosi ukweli, ila tawarikhi hailikubali lote. Mtazameni Hashim Khan wa Peshawar, ambaye baba yake alikuwa mtumishi katika klabu ya maofisa wa Kiingereza, naye utotoni akawa mwokota mipira ya skwoshi iliyoruka nje ya viwanja visivyo na paa. Jua lilipowashinda mabwana wale wakaingia ndani kupumzika, yeye alishuka kiwanjani miguu mitupu, akacheza na watumishi wenziwe, na alipokosa wa kucheza naye akacheza na ukuta. Wakati huo hapakuwa na aliyemwahidi kikombe. Hata hivyo mwaka 1951, akiwa na umri ambao wengi wamekwisha kuyaaga mashindano, alisafiri hadi Uingereza akamshinda Mahmoud Karim wa Misri, aliyekuwa amelitwaa taji la skwoshi la huko mara 4, na yeye mwenyewe akaja kulitwaa mara 7.

Labda atatokea wa kusema kwamba aliyefaulu ni rahisi kumsifu. Naam, na tumtazame asiyepata alichokitaka. Lee Chong Wei wa Malaysia alifika fainali ya mpira wa vinyoya ya Olimpiki mwaka 2008, 2012 na 2016, na mara zote 3 akaondoka na nishani ya fedha, asiipate dhahabu katu. Lau dhahabu ingalikuwa ndiyo roho ya mchezo wake, angaliiacha raketi Beijing, au London, asifike Rio de Janeiro.

Kwa hiyo nasema bila ya kusitasita kuwa kinachomdumisha mchezaji ni mahaba ya kazi yenyewe: ile furaha ya kuona pigo lililomkataa jana likimtii leo. Sifa ni kama chumvi katika chakula. Huleta ladha, lakini hapana aliyeshiba kwa kuilamba.

Lakini mahaba hayanunui nyuzi za raketi, na hapa ndipo inapoanza dhima ya wakubwa. Mcheza tenisi Althea Gibson alianza kucheza katika mitaa ya Harlem, New York, na watu wa mtaa wake, waliouona uhodari wake, wakachangishana fedha ili aingie klabu akafundishwe. Mwaka 1957 akawa mtu mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa Wimbledon wa mchezaji mmoja mmoja, katika zama ambazo bingwa wa huko hakulipwa hata senti. Ari ilikuwa yake, lakini ilipata walezi.

Enyi wazazi na walimu, msimpime kijana kwa vikombe tu, maana aliyezoezwa kupenda kikombe atauchukia uwanja siku atakapokikosa. Msifuni pia siku aliyoshindwa, ikiwa mmemwona akibaki nyuma kulisahihisha kosa lake. Na mwenye uwezo amnunulie raketi yule asiyekuwa nayo. Nanyi vijana, jiulizeni kwa ikhlasi: lau hapangalikuwa na mtazamaji hata mmoja, mngalikwenda kucheza? Ambaye jibu lake ni ndiyo, na ashike njia wala asihofu kushindwa. Na ambaye jibu lake ni la, asiuache mchezo bado, bali kwanza ajifunze kuupenda.