Mtoto akililia wembe mpe. Akililia bunduki je?

Wiki hii nina ujumbe wa mama mmoja, msomaji wetu anayeishi jimbo la Illinois, Marekani. Kijana wake ana miaka 19, amemaliza sekondari na ameanza kazi. Jumapili baada ya chakula alimwekea mama yake fomu mezani. Anataka kadi ya kumiliki bunduki, na mzazi lazima atie saini. "Anasema wenzake wote wanazo, nikikataa namfanya mtoto. Nisaini?"

Dada yangu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kushika kalamu.

Tuanze na sheria. Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani, duka lenye leseni haliruhusiwi kumuuzia bastola mtu aliye chini ya miaka 21. Bunduki ndefu anaweza kuuziwa akiwa na 18. Kila jimbo lina ruhusa ya kukaza zaidi. Florida ilipandisha umri hadi 21 kwa bunduki zote mwaka 2018, baada ya kijana wa miaka 19 kuua watu 17 katika shule moja ya Parkland kwa bunduki aliyoinunua kihalali.

Illinois ina utaratibu wake. Huko huwezi kununua wala kumiliki bunduki bila kadi inayotolewa na polisi wa jimbo. Aliye chini ya miaka 21 anaweza kuipata, lakini kwa ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi.

Kwa nini wakuulize wewe? Kwa sababu kompyuta ya polisi inajua kama kijana amewahi kufungwa. Haijui kwamba wiki tatu sasa hali chakula na wenzake, wala kwamba akikasirika anapiga ngumi ukuta. Hayo unayajua wewe unayemfulia na kumsikia usiku. Ukisaini, unaiambia serikali: namjua huyu, mpeni.

Kuna baba mmoja alisaini katika jimbo hilohilo. Aprili 2019 kijana wake alijaribu kujiua. Septemba ndugu wa nyumbani aliwaita polisi kwamba ametishia kuua kila mtu, na polisi wakaondoka na visu 16. Miezi mitatu baadaye, Desemba, baba akamwekea saini ya kadi. Kijana akanunua bunduki kihalali. Julai 4, 2022, mjini Highland Park, alipanda juu ya paa na kufyatulia risasi watu waliotoka na watoto wao kutazama gwaride la sikukuu ya uhuru. Saba walikufa na makumi wakajeruhiwa. Mwaka 2023 baba alikiri mahakamani kosa la uzembe uliohatarisha maisha ya watu, akahukumiwa siku 60 jela. Siku 60 zinaisha. Lile jingine haliishi.

Sisemi kijana wako ni kama huyo. Vijana wengi wenye kadi hawajamdhuru mtu. Nasema tu saini hiyo si kama ile ya safari ya shule. Sheria ya Illinois inasema mzazi aliyeridhia atawajibika kwa hasara itakayotokana na kijana kutumia silaha hiyo.

Kwa hiyo, dada, kaa naye chini. Mwulize anaitaka ya nini: kuwinda, kulenga shabaha, au kuna mtu anamwogopa? Kama kuna anayemtisha, hilo ndilo la kushughulikia kwanza. Mwulize ataiweka wapi, na nani mwingine atakuwa na ufunguo. Kisha jiulize mwenyewe, bila kumtetea: mwaka huu amewahi kutamka kwamba amechoka kuishi? Amewahi kumtishia mtu? Kama jibu ni ndiyo, usisaini, na umtafutie msaada wiki hii hii.

Kama huna hakika, usisaini vilevile. Mwambie, "Mwanangu, ukifika 21 sheria haitaniuliza tena. Mpaka siku hiyo, imeniuliza mimi, na jibu langu ni hapana." Atanuna. Kununa hakuui.

Na wewe mzazi uliyekwisha saini, jua kwamba ridhaa unaweza kuifuta. Tena tangu Januari 2019 Illinois inamruhusu mtu wa familia kwenda mahakamani kuomba silaha ichukuliwe kwa muda kwa ndugu aliye hatarini kujidhuru au kudhuru wengine. Usione aibu kwamba unamshitaki mwanao. Unamwokoa.

Wazee wetu walisema mtoto akililia wembe mpe, maana ukimkata atajifunza. Walisema hivyo wakijua wembe utakata kidole chake mwenyewe. Bunduki haichagui kidole cha nani.