Faili Lisiloonekana Si Lazima Liwe Limepotea

Mfumo wa Windows XP ulitolewa na kampuni ya Microsoft mwaka 2001, na masahihisho yake ya usalama kwa watumiaji wa kawaida yalikoma Aprili 2014. Hata hivyo, kompyuta ya nyumbani ya wakati ule, ikitunzwa vyema, bado yaweza kuandikia, kuwekea hesabu na kufundishia, mradi isiunganishwe na intaneti. Adui yake mara nyingine si uzee, bali ni haraka ya fundi.

Kosa moja ni maarufu. Kompyuta huwashwa, nayo huandika kwenye skrini kwamba faili liitwalo hal.dll halipo au limeharibika, na kwamba lirudishwe. Fundi mwenye haraka huamini, akafuta diski yote na kuweka Windows upya. Pamoja na kosa hufutika alama za wanafunzi, mitihani na picha za jamaa. La kusikitisha ni kwamba mara nyingi faili lile lilikuwa mahali pake.

Sababu yaeleweka kwa kufuata hatua za kuwaka. Kwanza programu ya BIOS, iliyomo katika chipu, hukagua vifaa na kusoma kipande cha kwanza cha diski, chenye baiti 512 tu. Kipande hicho huelekeza kwenye sehemu ambamo faili la NTLDR huitwa. NTLDR nalo husoma faili dogo la maandishi, boot.ini, linaloeleza Windows imo katika sehemu ipi ya diski. Boot.ini likitaja sehemu ya 2 ilhali Windows imo katika sehemu ya 1, NTLDR hutafuta pasipo na kitu, na hal.dll hutangazwa kuwa halipo. Ndivyo afanyavyo tarishi aliyepewa namba ya nyumba yenye makosa: hurudi na barua akisema mwenyewe hayupo.

Kwa hiyo matengenezo yaanzie jambo jepesi. Diski za nje zichomolewe, kwani huenda kompyuta inajaribu kuwaka kutoka diski isiyo na mfumo. Saa itazamwe: ikirudi miaka ya nyuma kila umeme unapokatwa, betri ya volti 3 iliyo kwenye bodi kuu imekwisha, na mipangilio ya BIOS huenda imebadilika. Waya za diski zikaguliwe, umeme ukiwa umezimwa. Kisha kazi zote za mwenye kompyuta zinakiliwe, kwa kuiunganisha diski na kompyuta nyingine.

Hapo ndipo itumike CD ya Windows XP. Kitufe cha R hufungua programu ya urekebishaji, na amri bootcfg /rebuild hutafuta Windows ilipo ili iandikwe katika boot.ini. Kama NTLDR ndilo lililopotea kweli, hunakiliwa kutoka folda ya I386 ya CD hiyo. Kuokota faili moja moja katika intaneti ni hatari: laweza kuwa la toleo jingine, au limebeba virusi.

Shule yenye kompyuta ya namna hii stoo ina chombo kizuri cha kufundishia sayansi. Wanafunzi waandike ujumbe ulioonekana, wakisie chanzo, wabadilishe jambo moja tu kwa wakati mmoja, na waweke kumbukumbu ya matokeo. Kufuta diski kuwe hatua ya mwisho, baada ya nakala kuwekwa na njia nyingine zote kujaribiwa.