Ujira wa yaya ni juu ya nani?

Wakazi wa Matogoro, chini ya milima yenye chemchemi za Mto Ruvuma, hawahitaji kuelezwa asubuhi ya nyumba yenye watoto wadogo watatu ilivyo. Baada ya Sala ya Alfajiri mama hujiandaa kwenda darasani, hospitalini au sokoni Songea mjini. Baba naye ana safari zake. Anayebaki na mtoto wa mgongoni, wa kutambaa na wa chekechea ni binti wa kazi, aliyeletwa pengine kutoka Namtumbo, Mbinga au Tunduru. Swali la akina mama ni moja: alipwe kiasi gani?

Serikali imekwisha kulijibu kwa sehemu. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya mwaka 2013 iliweka shilingi 40,000 kwa mwezi kwa mtumishi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida. Amri ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilifikisha 60,000, na 120,000 kwa asiyelala hapo. Kuanzia 1 Januari 2026 imekuja amri nyingine, iliyopandisha kima cha chini cha sekta binafsi kwa wastani wa asilimia 33.4. Mwenye kusema leo kwamba elfu arobaini ndiyo bei ya huku kwetu anasimulia mambo ya kale.

Tuzitazame saa zenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 45 za kawaida kwa wiki, yaani takriban 195 kwa mwezi. Kwa shilingi 60,000, saa moja ilikuwa na thamani ya shilingi 308 hivi. Lakini binti anayeamka saa kumi na moja alfajiri na kulala saa tatu usiku, hata tukimtolea saa mbili za kupumzika, hufanya kazi saa 14 kwa siku, saa 420 kwa mwezi. Ujira ule ule hushuka hadi shilingi 143. Na watoto wanapoongezeka kutoka mmoja hadi watatu, mshahara aghalabu hausogei.

Hapa ndipo fiqhi ya ijara inapotuhusu. Wanazuoni wameshurutisha kazi ijulikane na ujira ujulikane. Sisi humwambia binti aje kukaa na watoto, kisha tukamwongezea kuchota maji, kufua, kupika, na msimu wa mahindi ukifika, jembe. Wengine hukwepa kabisa neno mshahara: huyu ni mtoto wa ndugu, tutamnunulia cherehani. Miaka mitatu hupita, cherehani haionekani. Wapo hata wanaochukua mtoto asiyefikisha miaka 14, umri ambao chini yake sheria hiyo imekataza kuajiri.

Jambo lisilosemwa sana ni mfuko unaolipa. Katika nyumba nyingi ujira wa yaya hutoka kwenye mshahara wa mama, kwa hoja kwamba ni yeye aliyetaka kufanya kazi. Hoja hiyo inatia shaka. Aya ya 233 ya Surat al-Baqarah, inayozungumzia kunyonyesha, imeweka chakula na mavazi ya mama anyonyeshaye juu ya baba, na ikaruhusu kutafuta mnyonyeshaji mwingine ilimradi alipwe kwa wema. Malezi ya mtoto ni gharama ya baba. Mama akichangia, amefanya ihsani. Baba anayelalamika kwamba yaya ni ghali huenda hajawahi kumlipa hata mwezi mmoja.

Kwa asiyemudu, njia zipo. Majirani wawili wanaweza kuajiri mtu mzima wa kushinda na watoto, akalipwa na nyumba zote mbili na kurudi kwake jioni. Watoto wasizidi uwezo wake. Mama aliyejifungua ana likizo ya siku 84, na akirejea kazini sheria inampa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Wengi hawazidai.

Kisha lipo la mvua za Desemba. Binti huomba kwenda kwao kulima, naye mama mwenye nyumba huzuia mshahara wa miezi miwili ili awe na hakika kwamba atarudi. Huita kumtunzia. Mtume (S.A.W.) ameamrisha mwajiriwa alipwe kabla jasho lake halijakauka, na jasho la binti huyu lilikauka tangu Oktoba.